Jibu Kwanza, Chai Baadaye

Vijana wangu mnaoingia darasani sasa, mimi nilishika chaki miaka thelathini na minne. Nimestaafu nikiwa na magoti mabovu, sauti inayokwaruza, na mazoea ya kumkatiza mtu mzima anayeongea bila kunyoosha mkono. Mume wangu anasema hilo la mwisho ndilo litakalomwua. Mwenyewe nipo barazani kwetu hapa Ngamiani, Tanga, kahawa imekolea tangawizi, na sina daftari la kusahihisha. Nina raha zangu.

Lakini juzi Tumaini, mwalimu mgeni aliyepanga chumba kwetu, alirudi kutoka shuleni uso umemshuka. Watoto walikuwa wamerushiana kwenye simu vichekesho vya makabila, watu wa kule wako hivi, watu wa huku wako vile, mpaka mmoja akalia. Tumaini akaniuliza, "Mwalimu, nyie mlikuwa mnazungumzaje na wanafunzi habari za ubaguzi bila darasa kugeuka vita?" Nikamwambia nitamwandikia. Basi nawaandikia wote, na naanza kwa kujichongea mwenyewe.

Nilifundisha Uraia. Miaka ya mwanzo nilifundisha ubaguzi kama nilivyofundishwa mimi: naandika maana yake ubaoni, napiga mstari chini, naorodhesha aina zake, wanafunzi wananakili. Kwenye mtihani wananirudishia maneno yangu bila kupungua hata mkato, nami najiona bingwa. Kisha kengele ya mapumziko inalia, nachungulia dirishani. Watoto wa mjini wamekaa kwenye ngazi peke yao. Watoto wa Pongwe na wa kambi za mkonge wamesimama kule bombani peke yao. Na Wapemba wawili wameachiwa benchi zima utadhani limemwagiwa upupu. Siku moja niliangalia ni nani hasa anayewafukuza wenzake kwenye ngazi, nikakuta ni yule yule aliyeongoza mtihani wangu.

Kwa msiokujua kwetu, mji huu umezungukwa na mashamba ya mkonge, na wakataji wake waliletwa zamani kutoka mbali, Kigoma, kusini, mpaka nje ya mipaka. Waliwekwa kwenye kambi, wakazaa, wakajukuu. Wajukuu hao wanasema Kiswahili kama mimi na hawajui kwingine, lakini mjini bado wanaitwa watu wa kambini, kama vile lori limewashusha jana.

Nami si kwamba nilikuwa sijaonja. Nilipokwenda chuo cha ualimu, mbali huko bara, tulipangwa wanne chumba kimoja. Wenzangu waliposikia natoka Tanga, walisogeza vitanda vyao vitatu vikabanana pembe moja, changu kikabaki katikati ya uwanja. Tanga kuna majini, bwana! Wiki nzima walikuwa wanasali kwa zamu. Wiki ya pili mmoja wao akanifuata nyuma ya jiko, akaniomba kwa sauti ya chini dawa ya kumtuliza mchumba. Nikamwambia sina. Akaniambia nisimnyime. Nilipochoka nikampa iliki niliyofungiwa na mama, nikamwambia aitie kwenye chai ya huyo bwana. Wameoana, wana wajukuu, na kila Iddi ananipigia simu kunishukuru. Nifanyeje?

Nilicheka sana miaka ile, na katika kucheka nikajidanganya jambo moja. Nilidhani mtu aliyewahi kuonewa kwa sababu ya kwao hawezi tena kumwonea mwenzake kwa kosa hilo hilo. Nilijiona nimeshachanjwa.

Sasa niwaambie kidogo habari za mji, maana ndimo haya yote yalimozaliwa. Mimi nimezaliwa Kigombe, kijiji cha wavuvi. Kule hakuna anayekuuliza unatoka wapi, wanakuuliza wewe mtoto wa nani, na ukishajibu yamekwisha, wanakujua mpaka homa zako za utotoni. Nilipoletwa Ngamiani kukaa kwenye nyumba aliyoinunua mama, kila mtu aliniuliza mtu wa wapi, na nikisema Kigombe walikuwa wananusa hewa kutafuta harufu ya samaki.

Nilichukia, ila baadaye nilielewa kitu. Nyumba zetu hizi zina ukumbi katikati, vyumba vitatu huku na vitatu huku, uani jiko moja, bomba moja, choo kimoja. Ukimpa mtu chumba umempa nusu ya maisha yako. Utasikia kikohozi chake, atasikia ugomvi wako na mumeo. Kwa hiyo mwenye nyumba anataka kumjua mpangaji kabla hajaingia, na kumjua mtu kunachukua miaka. Basi anachukua kilicho karibu, yale yanayosemwa juu ya watu wa huko anakotoka. Uvumi ndio njia ya mkato ya mjini, na sisi wa mjini tuna haraka.

Aliyenifundisha kufundisha hasa ni Mwalimu Semkiwa, Msambaa wa Lushoto, mwalimu wa Jiografia, mtu mwembamba aliyevaa sweta hata Februari, joto la Tanga linapomtoa mbuzi ulimi. Alikuta nimepandisha hasira kwa ajili ya lile benchi la Wapemba. Akanisikiliza mpaka nikamaliza, akasema, "Bi Zuhura, mtoto ukimuuliza habari za dunia atakupa za kitabuni. Muulize za nyumbani kwao."

Akanipa kikapu cha ukili, akanieleza. Kila mmoja anaandika kwenye karatasi jambo aliloambiwa au alilotendewa kwa sababu ya kwao, au alilosikia likisemwa juu ya watu wa kwingine. Jina haandiki. Karatasi inakunjwa mara mbili, inatiwa kikapuni. Mwalimu anasoma kwa sauti, darasa linazungumza juu ya karatasi, si juu ya mtu.

Jaribuni. Ila msianze ikiwa zimebaki dakika kumi kengele ilie, maana mtawatoa watoto nje na vidonda vibichi. Na msimsimamishe mtoto mkamwambia, "Haya, wewe Mpemba, tueleze." Nililifanya hilo mara moja. Yule mtoto alisimama akatazama viatu vyake mpaka kipindi kikaisha, na mpaka leo nikikumbuka najisikia vibaya.

Karatasi zilinichekesha mno. Mmoja aliandika, "Bibi yangu anasema Wadigo ni wavivu. Bibi yangu ni Mdigo." Mwingine, "Wanasema mama amemroga baba kwa sababu mama ni mtu wa Pemba. Nimemuuliza baba, akasema labda." Darasa likicheka wote kwa pamoja, na mwenye karatasi akacheka humo humo bila kujulikana, kuna kitu kinalegea. Siku chache baadaye nilimwona mtoto wa mjini amekaa kwenye lile benchi la upupu anakula muhogo.

Nikamkimbilia Semkiwa na furushi la karatasi. Alizipitia moja moja, akacheka, akazirudisha.

"Na yako iko wapi?" akaniuliza.

"Yangu ipi? Mimi si ndiye mwalimu?"

Akanitazama, akafunga vifungo vya sweta, akaenda zake kunywa chai. Niliona kanijibu ovyo.

Miaka ikapita. Semkiwa akastaafu akarudi Lushoto, mama akafariki, nyumba ikawa mikononi mwangu. Mtaani naitwa Mama Salma, kwa jina la binti yangu mkubwa. Shuleni nilikuwa Mwalimu Zuhura, yule wa kikapu. Shule ilikuwa upande wa pili wa mji, na majina hayo mawili hayakuwa yamekutana.

Jumamosi moja Kassim, dalali wa mtaa, aliniletea mpangaji wa chumba cha mbele. Mama wa makamo, kanga safi, ndala zimesuguliwa mpaka zinang'aa. Nilimpenda kwa macho. Nikamkaribisha, nikamwonyesha chumba, nikampitisha uani akaona mtungi wetu uliovunjika shingo, ambamo nimepanda mrehani. Akauinamia akaunusa. Tukakaa. Nikamuuliza, kama wote tunavyouliza, "Mwenyeji wa wapi, dada?"

"Mie wa kambini, mbele ya Pongwe. Baba yangu alikuja kukata mkonge, kutoka Kigoma. Sasa nimepata kazi ya kupika kwa mama lishe hapa sokoni, na nina binti anasoma huku mjini."

Hapo hapo nikaamua. Hata kope sikupepesa. Kambini si wanapika pombe? Si ngoma mpaka kuche? Na jiko letu ni moja, atapika nini mle? Sikumuuliza hata moja kati ya hayo, wala sikumuuliza binti anasoma shule gani. Mtu uliyeshaamua kumkataa humuulizi mengi.

Lakini mgeni hatoki kavu nyumbani kwetu. Nilipika chai ya mchaichai, nikakata mkate wa kumimina vipande vinene. Nikamwambia kula, dada, usione haya. Akala. Tukacheka habari za watoto. Nikamsindikiza mpaka nje, nikamwambia nitazungumza na mzee, Kassim atamletea jibu. Alipopinda kona nikamwita Kassim.

"Mwambie chumba kimepata mtu. Kuna mpwa wangu anakuja kutoka Pangani."

"Mpwa yupi?"

"Mpwa, Kassim."

"Haya," akasema, akapanda baiskeli yake.

Nami niliingia ndani nimeridhika. Niliona nimelimaliza kistaarabu, sijamvunjia mtu heshima, sijapandisha sauti. Nilijisifu kwa hilo, vijana wangu. Nilijisifu!

Jumatano yake nilikuwa na Kidato cha Tatu, vipindi viwili mfululizo. Nikapitisha kikapu. Katika darasa lile alikuwamo msichana aitwaye Skolastika, mrefu, kimya, kichwa kizuri cha hesabu. Tatizo lake lilikuwa kuchelewa. Alikuwa anatoka kwao mbele ya Pongwe, akifika anakuta kipindi cha kwanza kinaisha, cha pili anasinzia. Mkuu wa shule alikuwa ameshamwonya mara mbili. Nami nilikuwa nimemkemea, nikamwambia alale mapema.

Nikakunjua karatasi ya nne, nikaanza kusoma kwa sauti, kama kawaida yangu, sijaipitia kwanza.

"Mkuu wa shule amesema nikichelewa mara moja tena, nisirudi shule mpaka mzazi wangu apate pa kukaa karibu. Mama alitafuta chumba Ngamiani. Kwenye nyumba moja alipokelewa vizuri sana. Alipewa chai ya mchaichai na mkate wa kumimina. Alionyeshwa mpaka uani, kuna mtungi uliovunjika shingo umepandwa mrehani."

Niliacha kusoma. Nikasingizia kikohozi. Macho arobaini yananitazama, nami naona maneno yamebaki, na lazima niyasome.

"Mama alirudi akatuambia tumepata. Akaanza kufunga vyombo. Jioni dalali akapiga simu akasema kuna mpwa. Mama akamuuliza, kwani nimekosea nini? Dalali akasema hujakosea, ila wewe mtu wa kambini. Bora wangemkataa mlangoni. Asingekuja kutusimulia habari za mrehani."

Skolastika alikuwa anatazama nje ya dirisha. Hakujua nyumba ile ni ya nani. Hakuna aliyejua. Darasa lile zima, aliyejua ni mimi tu, nimeshika karatasi, na ilinitosha kusema "Haya, inayofuata."

Lakini darasa nilikuwa nimelizoesha vibaya. Mikono ishapanda. Athumani, kijana wa barabara ya ishirini, mdomo wake haujawahi kukaa ndani, akasimama bila kuitwa.

"Mwalimu, huyo mama mwenye nyumba ni mnafiki."

"Usihukumu haraka," nikasema. Angalieni nilivyokuwa mwepesi wa huruma siku hiyo.

"Si haraka, Mwalimu. Amemlisha mtu mkate huku anamdanganya. Mnafiki."

"Labda alimwonea aibu," akasema msichana wa mbele. "Kwetu huwezi kumwambia mtu hapana usoni."

"Labda alikuwa anaogopa," akasema mwingine.

"Anaogopa nini?" nikauliza, na safari hii niliuliza kwa sababu nilitaka kweli kujua.

"Wapangaji wengine watasemaje."

Wakabishana nusu saa, darasa bora kuliko yote niliyowahi kusimamia, nami jasho linanitiririka mgongoni. Mwishoni Athumani akasema, "Tumwandikie barua," na wote wakaipenda. Wakaiandika pale pale, mmoja anashika kalamu, wengine wanamrukia maneno. Nikauliza, mtampelekea wapi na hamumjui? Wakanitazama mimi. Nikasikia mdomo wangu unasema, "Nipeni. Nitaifikisha."

Niliisomea nyumbani, alasiri, nimekaa kando ya ule mtungi. Ilikuwa fupi.

"Kwa mama mwenye nyumba. Shikamoo. Sisi ni wanafunzi, hatukujui na hatuna ugomvi na wewe. Mwenzetu anaweza kuacha shule. Tunakuuliza jambo moja tu, na tunaomba utujibu. Ulipokuwa unammiminia yule mama chai, ulikuwa umeshaamua? Kama ulikuwa umeshaamua, chai ilikuwa ya nini?"

Hamad, mume wangu, alirudi kutoka dukani kwake, akanikuta nimeishika. Hamad ni Mpemba, wa Wete, mtu wa maneno machache kwa sababu mengi nayamaliza mimi. Nikampa aisome, nikamweleza yote, na yule mpwa wa Pangani asiyekuwepo. Akaisoma mara mbili. Akavua kofia, akaiweka gotini.

"Zuhura, n'lipofika mji huu n'litafuta chumba siku tisa," akasema. "Nyumba tatu, mtaa huu huu, walin'nyima. Wasema Mpemba mchawi. Ya nne ndo hii."

"Najua."

"Mamaako aliniuliza kitu kimoja tu. Kama nakoroma."

Akaingia ndani kutawadha. Nami nikabaki pale na aibu yangu, maana ningekuwa mimi nimeshika funguo za nyumba siku ile badala ya mama, huyu bwana nisingempata, na Salma wangu asingezaliwa. Nililia kidogo. Siwafichi.

Asubuhi yake nilimwendea mama Skolastika sokoni, yupo mbele ya sufuria la maharage, moshi unamwingia machoni. Nikamwamkia, nikamwambia mimi ndiye mwenye ile nyumba, na mimi ndiye mwalimu wa binti yake, na mpwa hakuna, na chumba ni chake akikitaka. Alikoroga maharage muda mrefu.

"Asante, mwalimu," akasema. "Lakini chai yako nilishakunywa."

Akaendelea kuhudumia wateja. Wala hakunitupia neno baya. Nilisimama pale na mkoba wangu, nimekataliwa mimi sasa, tena kwa adabu. Nikajua utamu wake.

Nikaenda shule. Alhamisi kipindi cha tatu nilikuwa na darasa lile tena. Hapa ndipo nilipomwelewa Mwalimu Semkiwa na sweta lake, aliponiuliza yangu iko wapi. Nilikuwa nimeandika karatasi yangu, nimeikunja mara mbili, nikaitia kikapuni peke yake, nikapeleka kikapu kwa Athumani, nikamwambia asome.

Akasoma kwa mbwembwe zake, halafu mbwembwe zikapungua, halafu akawa anasoma kwa shida. Iliandikwa hivi: "Barua yenu imefika. Ndiyo, nilikuwa nimeshaamua. Chai haikuwa ya mgeni. Ilikuwa ya kwangu mwenyewe, ili nijione mtu mwema. Nyumba yenye mrehani ni yangu. Mwalimu Zuhura."

Nikamgeukia Skolastika, nikasema mbele ya wote, "Nilimkosea mama yako, na nilikukosea wewe. Nisamehe, mwanangu." Alikaa anachezea kifuniko cha kalamu. Hakusema amenisamehe, wala sikumlazimisha.

Athumani ndiye aliyenyoosha mkono, kwa mara ya kwanza maishani mwake.

"Mwalimu, naomba nilifute lile neno la jana."

"La mnafiki?"

"Ndiyo, Mwalimu."

"Usilifute. Liliingia mahali pake."

Wakacheka, nami nikacheka, nikatoka darasani. Nilijua nimeliambia darasa ukweli, lakini msichana bado hana pa kulala karibu, na Ijumaa akichelewa ndiyo basi.

Jioni ile jua halijazama, mlango ukabishwa hodi. Mama Skolastika, kanga ile ile, binti nyuma yake. Nikaruka kama kawaida, karibuni, karibuni, ketini, ngoja niweke chai jikoni. Akainua mkono.

"Usiweke. Mwanangu kaniambia ulivyosema mbele za watu. Ndio maana nimekuja. Chumba nitakichukua, na nitalipa kama wanavyolipa wengine. Lakini nina sharti."

"Sema, dada."

"Siku ukitaka niondoke, uniambie wewe. Kwa mdomo wako, hapa mlangoni. Usimtume mtu."

Nikamwahidi. Hamad akabeba begi lao. Ijumaa Skolastika alifika shuleni kabla ya mwenye funguo za lango.

Wapangaji wengine? Walinuna siku nne, kisha wakaonja samaki wa migebuka aliotumiwa na ndugu zake Kigoma, wakaanza kumwita dada. Pombe hakupika. Koroma anakoroma, Hamad anasema anashindana naye kupitia ukutani. Skolastika alimaliza kidato cha nne humo humo, akaendelea mbele, leo ni mpimaji wa ardhi huko Handeni, na akija likizo anatuwekea mipaka ya kamba uani, hii ya mama, hii ya Mama Salma, mradi kutuchokoza. Kunisamehe alinisamehe, lakini si siku moja. Ilimchukua mwaka na zaidi, na aliniambia siku ambayo nilikuwa nimeshasahau kungoja.

Mama yake bado yuko chumba cha mbele, amezeeka nami. Na nyumba hii ina utaratibu wake sasa, aliouweka yeye, na Kassim anawaeleza wateja kabla hajawafikisha. Chai hupikwa, birika huwa tayari, lakini halimiminwi mpaka mgeni apewe jibu lake, ndiyo au hapana, usoni. Nimeshasema hapana mara mbili tatu tangu hapo, kwa sababu za kweli. Ni shida kuliko kusahihisha madaftari mia. Waliondoka wamenuna, lakini hakuna aliyekwenda kufunga vyombo bure.

Kwa hiyo, Tumaini mwanangu, uliniuliza swali moja, nami nakujibu na lile jingine ulilokuwa unalionea haya. Siku ulipokuja kutafuta chumba ulimwona bibi wa chumba cha mbele amesimama nyuma yangu na birika la moto, hamimini, haondoki, ukashangaa. Nilikuwa nimekuuliza mtu wa wapi. Ukataja kwenu. Sitaandika hapa ni wapi, unajua mwenyewe. Na mimi, na kikapu changu, na miaka yangu yote hii, nikasikia ndani yangu yale yanayosemwa juu ya watu wa kwenu yanaanza kujipanga. Nikafungua mdomo nikasema, "Ngoja nizungumze na mzee."

"Mama Salma," akasema yule bibi nyuma yangu. "Birika linanichoma."

Nikakutazama vizuri. Nikakuuliza kama unakoroma. Ukacheka, ukasema hujui, hujawahi kujisikia. Nikakwambia chumba ni chako, na nyuma yangu nikasikia chai inamiminwa.